Chumba Kilichoandikwa Stoo

Wenzake darasani walimwita Dada Mkubwa, na hakukuwa na ubaya wowote katika jina hilo. Darasa la uzamili wa usanifu majengo lilijaa vijana waliotoka shahada ya kwanza kabla haijapoa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekwisha kuolewa, kuzaa, kuachika, na kuchora mabomba ya majitaka katika ofisi ya halmashauri mpaka mgongo ukapinda, ndipo akarudi kusoma. Alikaa mbele. Penseli zake alizichonga kwa wembe. Mtu akipungukiwa na futi kamba, alijua pa kwenda kuazima.

Ila hakuna aliyejua anakolala.

Ilianza siku moja katika somo la makazi. Kijana mmoja waliyemwita Msumari kwa urefu wake alitupa ukutani picha za mtaa aliokwenda kuuchunguza: mabati yenye kutu, nyaya zilizosukana juu kama nywele zisizochanwa, mlango ulioshikizwa kwa kamba. "Hapa watu hawaishi," alisema, "wanajibanza tu." Darasa likacheka kidogo. Picha iliyofuata ilikuwa kona ya duka la mkaa. Ukiipita kona ile ukakata kushoto, unafika kwao. Dada Mkubwa aliinamia penseli yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Angeweza kusema neno. Neno lilipanda hadi kooni, likavuta kiti likaketi.

Baada ya hapo kila mwanafunzi akatakiwa achague nyumba moja ya zamani, aipime, kisha aonyeshe itakavyoweza kukarabatiwa bila kubomolewa: ipate hewa na mwanga, ivune maji ya mvua, na kuta zake za asili zibaki. Yeye nyumba alikuwa nayo. Ilijengwa na babu yake kwa matofali mapana ya udongo, na mbao za dari yake hazipatikani tena popote. Kwenye karatasi ya mradi akaandika kwamba ni nyumba ya mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, mjane. Kila neno lilikuwa kweli. Ulikuwa uongo uliojengwa kwa matofali mazima, ndiyo maana ulisimama.

Mzee huyo alikuwa baba yake. Siku binti aliporudi nyumbani na watoto wawili na godoro lililoviringishwa, mzee hakumuuliza kitu. Alihama chumba cha mbele, kile kikubwa chenye madirisha mawili, akaenda kulala kile cha nyuma alichokuwa akiwekea cherehani mbovu na mabunda ya vitambaa. Chumba hicho hakikuwa na dirisha.

"Meza yako ya kuchorea inataka mwanga," alisema. "Mimi nikilala nimelala. Nje nakutazamia nini?"

Alipokuwa akipima nyumba, binti alikwenda vizuri mpaka wakati wa kuandika majina ya vyumba. Sebule. Jiko. Chumba cha kulala. Alipofika kile cha nyuma, mkono ukakataa. Akiandika kuwa ni cha kulala, ataulizwa ni nani anayelala kwenye giza, karibu na mlango wa choo. Akijibu hilo, ataulizwa ni nani basi anayelala kule kwenye madirisha mawili. Akaandika: Stoo.

Na mchoro ni mtumishi mtiifu, haubishani na ulichoandika. Stoo haimlizi mtu ikivunjwa. Katika mapendekezo yake alikifuta chumba kile chote, akafungua njia ya upepo kutoka uani mpaka sebuleni, na pembeni akaweka tangi la maji ya mvua. Profesa, mama mwembamba asiyesifu ovyo, aliutazama mchoro akasema, "Umeifanya nyumba ipumue." Binti akatembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Jioni alimpakulia baba yake chakula, akamtakia usiku mwema, akamwona akiingia kwenye chumba kile, wala hakukumbuka kwamba amekwisha kumbomolea. Baadaye hilo ndilo lililomuunguza kuliko yote. Kuandika aliandika kwa woga. Kusahau alisahau kwa raha.

Kisha Profesa akatangaza kwamba kabla ya jopo la mwisho darasa zima litaitembelea nyumba hiyo.

Alimkuta baba yake barazani, anapinda suruali ya jirani kwa mkono.

"Baba, wiki ijayo mwalimu na wenzangu wanakuja kuona nyumba."

"Waje. Nyumba haina miguu, itakimbilia wapi?"

"Hawajui kama ni kwetu."

Sindano ikasimama. Mzee hakuinua uso. "Kwa hiyo mimi nitakuwa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Hilo naliweza, nimelizoea. Na wewe?"

"Mwanafunzi tu. Aliyekuja kupima."

Mzee alikata uzi kwa meno, akautema. "Basi tuanze mazoezi mapema, nisije nikakuita 'mama' mbele za watu nikakuharibia mitihani." Akacheka, na binti akacheka. Kicheko chake kilimtoka kikavu, kama makapi.

Siku yenyewe watoto walipelekwa kwa jirani. Binti akaishusha picha yake ya mahafali iliyokuwa sebuleni. Ukutani pakabaki alama ya mraba iliyo nyeupe kuliko rangi nyingine, inayopiga kelele. Mzee aliitazama, akaenda kuchukua kalenda, akaitundika pale mwenyewe. Kuhusu kitanda chake cha kule nyuma alisema, "Kitanda si sindano, mama, nitakichomeka wapi? Tutaurudisha mlango, tuseme ufunguo umepotea."

Wageni walipofika alikuwa kasimama kizingitini na shati lililopigwa pasi. "Karibuni, karibuni. Nyumba njema si mlango, piteni ndani."

Wakamwamkia mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya binti yake, naye akasema kama wengine, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanafunzi," akajibu. "Leo naona umekuja na jeshi."

Mambo yakaenda vizuri mno. Profesa alizipapasa kuta, akauliza udongo ulitoka wapi. Mzee akajibu anachokijua, asichokijua akakitungia hadithi, na vijana wakampenda. Msumari alikuwa mbele na ramani mkononi, akisoma chumba baada ya chumba. "Na hapa ndipo kwenye stoo," akasema, na kabla hadithi ya ufunguo haijasimuliwa akausukuma mlango kwa bega.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Koti lilining'inia kwenye msumari. Ndala zilipangwa pamoja chini, na kwenye kigoda palikuwa na redio, chupa ya dawa ya kikohozi na miwani.

Profesa akaitazama ramani, akakitazama kitanda. "Nani analala humu?"

Binti akafungua kinywa. Mzee akamtangulia.

"Aa, huyo ni mpangaji wangu. Mtu mkimya, hana taabu. Kodi tu ndiyo hajui rangi yake."

Vijana wakacheka.

"Hana dirisha, mzee," Profesa akasema. "Joto hili anawezaje?"

"Hajawahi kulalamika."

Profesa akalitazama koti lile, kisha suruali aliyoivaa mzee, ya kitambaa kile kile. Aliuliza, kwa upole, "Na watoto, mzee? Mungu hakukujalia?"

"Kanijalia. Ninaye binti. Naye anasoma mambo haya haya ya majengo."

"Kumbe! Yuko chuo gani?"

"Mbali," mzee alisema. Alikuwa akiurudisha mlango, taratibu, asiyavunje matofali ya kizingiti. "Yuko mbali sana."

Dada Mkubwa alikuwa ameshika futi kamba upande mmoja, na mwenzake upande wa pili. Neno moja tu lingetosha: baba. Lilikuwa neno la kwanza kulijua duniani. Aliusoma utepe, akataja upana wa ukumbi, na mwenzake akaandika.

Nje, Profesa alimvuta pembeni. "Ramani yako ni nzuri, lakini umembomolea mtu anapolala. Hukukiona kitanda?"

"Nilikiona."

"Sasa?"

Aliviringisha futi kamba. Profesa alimngoja kidogo, akakata tamaa, au akamhurumia. "Rudi ukamuulize huyo mpangaji anataka nini. Ndipo uje mbele ya jopo."

Aliondoka pamoja na wenzake mpaka barabara kubwa, kwa kuwa mwanafunzi habaki nyuma katika nyumba ya watu. Aliwapungia mkono, akasubiri wapotee, akazunguka nyuma ya duka la mkaa. Alipofika kwao miguu ikagoma kizingitini. Akajikuta amebisha.

"Hodi."

"Karibu, mwanafunzi," sauti ikaitika kutoka ndani.

Mzee alikuwa juu ya kigoda, ameshusha kalenda, anairudisha picha ya mahafali mahali pake. "Imekaa sawa? Mimi naiona imelala kushoto. Na yule mrefu, kidogo aniangushie mlango. Niliweza, sikuweza?"

"Uliweza, baba. Nisamehe."

"Kwa lipi? Siku nyingi sijapata wageni."

Alitamani akaripiwe. Aibu ikikaripiwa hupata mlango wa kutokea. Ikifanyiwa utani hubaki mwilini. Akaketi chini, akasema kwa sauti isiyo yake, "Nimetumwa nimuulize mpangaji anataka nini."

Alitarajia mzaha mwingine. Mzee aliteremka, akakaa juu ya kigoda, akafikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Mwambie mwalimu wako," alisema, "mpangaji anaomba dirisha. Dogo tu. Akiamka ajue kama kumekucha."

Mbele ya jopo, Dada Mkubwa alitundika ramani mpya. Alisema yote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayemeza dawa. "Chumba hiki nilikiandika stoo. Analala baba yangu. Hiki cha mbele chenye madirisha mawili nalala mimi na wanangu. Nyumba hii ni kwetu. Niliona haya."

Msumari alitazama viatu vyake. Profesa aliitikia kwa kichwa kidogo, kama anayesikia habari aliyokwisha kuipata. Mhandisi mmoja mzee wa jopo akakohoa, akauliza mteremko wa mfereji wa paa, na binti akamjibu. Alifaulu, kwa masahihisho.

Alimwomba baba yake warudishiane vyumba. Mzee alikataa katakata. Meza ilikuwa nzito, kiuno chake kibovu. Wakatoboa dirisha. Vumbi lilipotulia, mwanga uliingia kwenye chumba kile, na binti akaona kilichokuwamo siku zote: weusi ukutani pale mzee alipoegemeza kichwa, na ukungu uliopanda mpaka usawa wa mto. Alisimama akitazama mpaka fundi akamwomba apishe.

Jina lile la mwanafunzi mzee hakuliacha tena. Alimwita hivyo mbele ya jirani, mbele ya wajukuu, hata baada ya binti kupata shahada na kupewa ofisi yenye jina lake mlangoni. Hakuwa na kinyongo, alilipenda tu. "Mwanafunzi, chai imepoa." "Mwanafunzi, njoo unitungie uzi." Na kila alipoitwa aliitika "Abee, baba", na kila mara kitu kidogo kilimchoma, pale pale.