Nyumba ya Mlimani na Uchochoro wa Maenam

Lamun hakuwapenda wateja wa Februari. Si kwamba walikuwa watu wabaya, ila mwezi huo kisiwa cha Samui, kule Thailand, huwa kinadanganya. Bahari imetulia tuli, anga haina doa, na mgeni akisimama barazani kwenye nyumba ya mlimani anatamka palepale kwamba hapo ndipo atakapozeekea. Lamun, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba funguo na kuwatembeza wageni wanaotafuta nyumba za kuishi mwaka mzima, alikuwa akitabasamu tu na kungoja wamalize kupiga picha. Alijua kwamba Novemba ikifika, mvua ikaanza kumwagika mchana kutwa na bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa, wengi wao watafunga madirisha na kupanda ndege kurudi kwao.

Yeye alizaliwa Maenam, upande wa kaskazini, katika uchochoro ulio nyuma ya hekalu. Baba yake alifuga nyani wa kuangua nazi. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye vivuko vya bandari ya Nathon, akafa kwa ini wakati binti yao akiwa bado shuleni. Lamun akaanza kufanya usafi katika nyumba za wageni, na kwa kuwa alijifunza Kiingereza chao huku akipiga deki, bosi mmoja kutoka bara, jina lake Wichan, akamchukua awe mtembezaji. Wichan alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa kusikiliza, lakini hakuwa na roho mbaya.

"Leo kuna mzee wa Denmark na mkewe," Wichan alimwambia asubuhi moja ya Februari. "Wapeleke mlimani moja kwa moja. Usianze mambo yako."

"Mambo yangu gani, bosi?"

"Hayo ya kuwaonyesha matope kabla hawajaona bahari."

Mzee mwenyewe aliitwa Henning, mwalimu mstaafu, mrefu, aliyeinama kidogo mabegani kama mtu aliyezoea milango mifupi. Mkewe, Birthe, alivaa kofia ya majani na alikuwa akitabasamu kwa kila kitu: kwa Lamun, kwa gari, kwa ufunguo. Lamun hakuhitaji kuelezwa. Alivyoona jinsi mzee alivyomfunga mkewe mkanda wa kiti kama anavyofungwa mtoto, na jinsi mama yule alivyouliza jambo lilelile kabla gari halijafika barabara kuu, alijua mama huyu anasahau. Tabasamu lile alilifahamu.

Hakwenda mlimani. Aliwapeleka kwanza nyuma ya hekalu.

Palikuwa na nyumba ya mbao iliyokuwa tupu, imeinuliwa kidogo juu ya nguzo, mbele yake Pranom akiuza wali wa kunata uliofungwa na ndizi kwenye majani ya mgomba. Pranom alikuwa jirani wa Lamun tangu utoto, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kivuko. Majogoo walikuwa wakiwika mchana kweupe, watoto wa shule wakipita na baiskeli, mbwa watatu wamelala katikati ya njia, hawana mpango wa kumpisha mtu. Henning alisimama pale uso umekunjamana.

"We Lamun," Pranom alisema kwa lugha yao, "huyu mzungu wako anaogopa mbwa au ananiogopa mimi?"

"Anaogopa kelele."

"Basi ni mimi."

Walipogeuka, Birthe alikuwa ameshaketi kwenye kigoda karibu na beseni la majani. Alichukua jani moja, akalipangusa kwa kitambaa kama alivyomwona Pranom akifanya, akalikunja. Halikukunjika vizuri. Pranom alilikunjua, akamwonyesha, naye Birthe akarudia. Ilibidi Henning aje amshike mkono ili waondoke.

Ndani ya gari Lamun alisema, "Mzee, mimi nitakueleza jambo, kisha wewe utachagua mwenyewe." Akamweleza habari za mama yake, Bibi Chuen. Kwamba alipoanza kusahau, alipenda kupanda kwenye shamba la nazi la zamani, juu mlimani, akidhani mumewe bado yuko kule na nyani wake. Zamani kila mtu aliyemkuta njiani angemwambia, "Bibi, unakwenda wapi na jua hili? Njoo unywe chai," halafu angemrudisha. Lakini kaka zake Lamun waliuza lile shamba, likajengwa majumba ya wageni yenye kuta nyeupe. Siku moja ya Novemba Bibi Chuen alipanda kwenye mvua. Alipita mbele ya majumba hayo yote, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako Ulaya. Hakuna aliyemwona. Walimkuta kesho yake kwenye mtaro chini ya ukuta.

"Ndiyo maana nilikuleta hapa kwanza," alisema. "Hapa kuna kelele, lakini kelele ni watu."

Henning aliitazama mikono ya mkewe iliyokuwa bado inakunja jani ambalo halipo.

"Pole sana, Bi Lamun. Nimekusikia, kweli nimekusikia. Lakini Birthe alipokuwa bado anaweza kusema anachotaka, aliniomba kitu kimoja. Alisema, Henning, nikishasahau kila kitu, niweke mahali ambapo nikifumbua macho nitaiona bahari. Nilimwahidi. Sina kingine ninachoweza kumpa."

Lamun akakunja kona, akawapandisha mlimani, na nyumba waliyoichukua ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye ile njia ya majumba meupe, yenye kioo kizima upande wa baharini.

Miezi ilipita vizuri. Lamun alikuwa akipanda kuwafanyia usafi, na kila alipomaliza aliwateremsha wote wawili uchochoroni kwa njia ya miguu iliyobaki kati ya minazi, kwa sababu Birthe akimwona tu alinyoosha mkono kuelekea chini. Pale kwa Pranom alikuwa na kigoda chake. Jina lake lilikuwa gumu mdomoni mwa watu, likawa Bita. "Mama Bita kaja!" watoto walikuwa wakipiga kelele, naye alikuwa akiwapungia mkono kama mke wa mkuu wa wilaya. Henning alijifunza kukaa kando na kikombe cha kahawa nyeusi, akilalamikia majogoo.

"Wewe mzee," Pranom alimwambia siku moja, Lamun akitafsiri, "jogoo akinyamaza ujue kaliwa. Unataka aliwe na nani, wewe?"

Henning akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Lamun kumwona akicheka mpaka mabega.

Kisha mvua zikaja. Mwaka ule zilikuja na hasira. Majirani wote wa mlimani waliondoka mmoja mmoja na masanduku yao, na Lamun akamwambia Henning washuke wakae kwake hadi Desemba iishe. Henning alikataa kwa upole. Birthe alikuwa akichanganyikiwa akilala mahali pageni, alisema, na hata bahari iliyochafuka alikuwa akiitazama asubuhi nzima kwa utulivu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kunyesha siku nzima na usiku wake, Pranom alikuwa amejikunyata chini ya turubai lake akisubiri wateja ambao hawakuja. Alimwona mtu akitokea kwenye ile njia ya minazi. Alikuwa Birthe. Alikuwa peku, amevaa gauni la kulalia lililomganda mwilini, matope hadi magotini, nywele nyeupe zimemshika usoni. Hakulia wala hakuonekana kuogopa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kigoda chake, akaketi, akanyoosha mkono apewe jani.

"Mama Bita," Pranom alisema, "mzee yuko wapi?"

Birthe alitabasamu.

Pranom alimfunika kwa saruni mbili, akampigia simu Lamun huku akipiga kelele kwa uchochoro mzima. "Lamun! Mgonjwa wako yuko hapa peke yake! Mzee hayupo! Mimi sielewi, lakini mzee yule hawezi kumwacha, hata kwenda chooni humshika mkono. Kuna jambo!"

Barabara ya gari ilikuwa imekatwa na udongo ulioporomoka. Lamun aliipanda hivyohivyo kwa miguu pamoja na Det, dereva wa pikipiki wa pale kona, na wanaume wawili waliokuwa wakizibua mfereji wa hekalu. Maji yalikuwa yakiteremka njiani kama mto. Walipita majumba meupe yaliyofungwa, na Lamun alipoufikia ule mtaro chini ya ukuta alisimama. Tangu mama yake alipofariki alikuwa akipita pale kwa gari, macho mbele. Det aligeuka akamwona amesimama, naye alijua, kwa kuwa ndiye aliyemtoa bibi yule majini. Alirudi, akamshika kiwiko, wakapita pamoja.

Henning alikuwa chini ya ngazi za nyuma. Alitoka kufagia maji alfajiri, vigae vikamtelezesha, nyonga ikavunjika. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka, na hapakuwa na mtu wa kumsikia katika mlima mzima isipokuwa mkewe, ambaye alikuja, akamtazama, akamfunika kwa kitambaa cha meza, kisha akaondoka zake. Alipomwona Lamun midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Birthe," alisema. "Ametoka. Nilishindwa kumzuia. Mtafuteni Birthe kwanza."

"Yuko kwa Pranom," Lamun alimwambia, akipiga magoti kwenye maji. "Yuko salama. Ameteremka mwenyewe."

Mzee alimkazia macho kana kwamba hajaelewa. Kisha akalia, yule mtu mrefu, akalia kwa sauti, na wanaume wakageuza nyuso kumpa faragha wakati wakiung'oa mlango wa stoo ili wambebe juu yake.

Kama Birthe alikwenda kuita msaada, au alikwenda tu kwa sababu miguu iliijua njia, hakuna aliyewahi kujua. Pranom alishikilia kwamba Birthe alijua anachofanya. Lamun hakubisha, wala hakukubali.

Mzee alipokuwa hospitalini, Birthe alikaa kwa Lamun, akalala katika chumba kilichokuwa cha Bibi Chuen. Alimwita Lamun Grethe, jina ambalo baadaye Henning alisema ni la dada yake Birthe aliyekufa zamani. Lamun aliitika.

Siku Henning aliporuhusiwa, akiwa na mikongojo miwili, hakuuliza habari za mlimani. "Ile nyumba ya mbao," alisema, "bado iko tupu?"

"Ipo, lakini haioni bahari, mzee."

"Najua. Nilitimiza ahadi, Bi Lamun. Nilimpa bahari, naye akaipa mgongo akateremka. Nadhani amechagua."

Wichan, aliyekuwa akitarajiwa kununa kwa kukosa kodi ya mlimani, alikuja mwenyewe na gari lake, akakunja suruali na kubeba masanduku kwenye matope, akilaani njia nzima.

Waliishi pale miaka miwili na kitu. Birthe alizurura alivyotaka. Siku nyingine alirudishwa na mwanafunzi, siku nyingine na mtawa kijana aliyekuwa akitembea hatua chache nyuma yake kwa kuwa hakuruhusiwa kumgusa mwanamke, akimwelekeza kwa mwavuli. Mikono yake iliisahau kazi ya majani, kisha akasahau kigoda, kisha Henning. Alimwita bwana, akamshukuru kwa adabu kila alipomlisha uji. Usiku Lamun, ambaye nyumba yake ilipakana na yao, alikuwa akimsikia mzee, kupitia ukuta wa mbao, akimwimbia mkewe nyimbo za kwao.

Birthe alikufa mwezi wa Machi, joto likiwa kali, mchana, uchochoro ukiwa umejaa watu. Henning alidhani watakuwa wao wawili tu siku ya kuuchoma mwili, yeye na Lamun. Alivaa shati jeupe, akatoka, akakuta viti vimepangwa mpaka barabarani. Walimu wa shule walikuwepo, Det na madereva wenzake, wauza samaki wa sokoni waliokuwa wamefunga meza zao. Wichan alikuwa akigawa maji. Mzee alisimama mlangoni na fimbo yake, asijue aanzie wapi kushukuru.

"Wote hawa wanamjua?" aliuliza.

"Walikuwa wanamrudisha nyumbani," Lamun alisema.

Watawa walipoanza kusoma sala, Lamun alijikuta akilia. Hakuwa amelia kwenye msiba wa mama yake. Siku ile alikuwa na hasira tu, juu ya kaka zake, juu ya kuta zile nyeupe, juu ya wageni wote wa Februari. Sasa machozi yalikuja bila kuombwa, yakamwaibisha mbele za watu. Henning alimsogezea leso yake, akakaa karibu naye, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analia kwa ajili ya nani.

Mwana wao alipiga simu kutoka Denmark akimtaka baba arudi. Henning alimjibu kwamba atafikiria, na jioni ile alikaa kizani bila kuwasha taa. Pranom aliingia bila kubisha hodi, akaiwasha mwenyewe, akaweka mezani wali na mchuzi mchachu wa samaki.

"Sina njaa," Henning alisema kwa Kithai chake kibovu.

"Nani kakuuliza?" Pranom alisema, akavuta kiti. "Kula."

Lamun alikuwa nje, akianua nguo zake kabla ya umande. Baada ya muda akasikia kijiko kikigonga bakuli.