Vidonge vya Binti

Dada yangu, fundi cherehani, hajawahi kuogopa mtu. Mteja akimletea kitambaa kifupi na kutaka gauni refu, humjibu, "Basi na wewe kapunguze miguu." Lakini ile mimba ilimfunga mdomo. Ilimkuta na miaka arobaini na tatu, akidhani kakoma tu kuingia mwezini, na wakati huohuo binti yake wa kwanza, aliyeolewa mtaa wa pili, naye alikuwa mjamzito. Shemeji yangu akawa anatembea kifua mbele mtaani. Dada akageuza cherehani yake ili akae ameupa mlango mgongo.

"Mama na mwana, matumbo mawili!" aliniambia. "Nitauficha wapi uso wangu?"

Mimba ilipofika mwezi wa tano nilimburuta kliniki, karibu tugombane. Pale wajawazito hukaa kwenye benchi moja refu, kila mmoja na kikombe chake cha kutoka nyumbani, kwa sababu vya zahanati viliibwa zamani. Nesi anakuita dirishani, anakuhoji kwa sauti ya kunadi mitumba, halafu anakupa vidonge vitatu vya kukinga malaria. Unachota maji kwenye ndoo, unameza mbele yake. Asiye na kikombe harudi na kitu, eti akajipange.

Dada alikuwa na kikombe chake cha bluu. Alikikumbatia mpaka zamu yake ilipofika.

"Bibi," nesi alimwambia, "wanaosindikiza wajukuu wakae nje."

Dada akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba mjamzito ni yeye.

"Wewe? Kha! Na huyo mzee wako hachoki?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nilishafungua mdomo nimpe nesi vidonge vyake, lakini nilipogeuka dada alikuwa ameshafika getini. Kikombe kilibaki palepale dirishani.

Nilimbembeleza wiki nzima. "Dada, mbu haulizi umri."

"Mbu hanicheki," akanijibu, akakanyaga cherehani.

Mwezi uliofuata moyo ulimrudi. Alijishonea gauni pana, akalipiga pasi, akamwambia binti yake, "Kesho twende wote, mwanangu. Tukiwa wawili watatuzoea." Nilifurahi kama vile ni mimi niliyebeba mimba.

Binti aliangalia chini. "Usihangaike na foleni, mama, miguu yako imevimba. Nitamwomba nesi anipe na vyako."

Kesho yake mchana alikuja na vidonge vitatu ndani ya kikaratasi. Maji yalikatika kliniki, akasema, ndoo tupu, kwa hiyo nesi kawaambia wote wakamezee nyumbani. Vyake alikuwa ameshameza. Dada akavimeza vile palepale, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, kisha akamshika binti shavu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akaniambia mimi, akijigamba. Binti akaaga haraka, hata chai hakunywa.

Haukuisha mwezi, mume wa binti akaja mbio: binti anatetemeka, mwili moto, hajui alipo. Tulipofika hospitali alikuwa ameshajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Hakulia.

Daktari alishika kadi, akakuna kichwa. Malaria ilikuwa imempanda binti vibaya, alisema, na ugonjwa huo hulifuata kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. "Lakini kadi inasema vidonge alimeza."

Alipotoka, binti akageuzia uso ukutani. "Sikumeza. Vile nilivyokuletea, mama, vilikuwa vyangu. Nesi alikataa, kasema mwenye tumbo aje mwenyewe."

Dada akakaa kitandani. "Kwa nini, mwanangu? Ungeniambia tu, ningekwenda mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukwambia." Binti akaanza kulia. "Niliona aibu. Sikutaka kukaa na wewe benchi moja. Nikasema mimi nina nguvu, nitameza vya mwezi ujao."

Dada alivuta shuka la mgonjwa akafunika tumbo lake, mbele ya binti ambaye lake lilikuwa limeshalegea. Nilitaka kumkasirikia yule binti, hasira ikakataa kuja. Nilimlaani nesi kimoyomoyo mpaka nikachoka. Tulipofika koridoni dada alinishika mkono.

"Nimekula haki ya mjukuu wangu," alisema. "Nitamzaaje huyu? Nitampakata vipi huku binti yangu akiniangalia?"

Kliniki alikataa kabisa. Alisema hastahili hata kidonge kimoja. Siku ya kliniki ilipofika nilimkuta amejifungia, anashona, nami nikapiga mlango mpaka mkono ukauma. Binti akatokea nyuma yangu, amekonda, kanga imemzidi. Hakubisha hodi sana. "Mama, vaa gauni lako. Twende."

Tulikaa benchi moja, sisi watatu. Watu walitazama, wakanong'onezana. Jina la dada lilipoitwa, binti ndiye aliyesimama kwanza. Dirishani kile kikombe cha bluu kilikuwa kimejaa kalamu za nesi.

"Naomba hicho kikombe," binti alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi. "Ni cha mama yangu. Huyu hapa, mwenye mimba."

Nesi alimtazama binti, akalitazama tumbo lake lililonywea, akakumbuka vidonge alivyomnyima. Akamwaga kalamu mezani, akakisuuza mwenyewe.

Binti alichota maji, akamkabidhi mama yake. Dada alimeza kidonge kimoja kimoja, na kabla ya kila kimoja alimtazama kwanza binti yake machoni, mpaka aitikie kwa kichwa.