Boriti ya Shule na Aibu Yangu

Nakumbuka asubuhi tulipopandisha boriti za shule ya kijiji, huku milimani Same, miaka ile ya Ujamaa. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya wote. Baragumu likilia, hakuna wa kubaki nyumbani. Niliteleza nikaiangukia boriti, mguu mmoja huku, mwingine kule. Jioni nikakojoa damu. Nikanyamaza.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemwoa mama yako, mwanangu. Ningeanzia wapi? Damu ilikoma, lakini mkojo ulipungua nguvu kila mwezi, mpaka ukawa wa matone, nami nimesimama nyuma ya migomba nakaza tumbo kama anayesukuma lori. Msaragambo ukiitwa, nasingizia mgongo. Wakaniita mvivu, nikaona afadhali. Usiku nilimkwepa mama yako, naye akadhani simtaki. Nilimwacha adhani hivyo, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku mkojo ulipogoma kabisa, alifika Mzee Mshana, msimamizi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Alikuja kunikaripia kwa uvivu.

"Shikamoo mzee. Ni mgongo tu."

"Marahaba. Mgongo gani unaoshikwa chini ya kitovu?"

Nikamweleza, macho chini. Hakucheka.

"Mfereji ukiziba tunapiga baragumu, kijiji kizima kinakuja. Wewe umeziba mwaka mzima, kimya! Mficha uchi hazai, kijana."

Walionibeba kwa machela hadi barabarani ni wale wale walioniita mvivu. Hospitalini daktari alinitoboa chini ya kitovu, akapitisha mpira mkojo utoke. Baada ya miezi kadhaa akanipasua, akaondoa sehemu ya njia ya mkojo iliyozibwa na kovu la anguko lile, akaijenga upya kwa kipande cha ngozi yangu mwenyewe. Alisema ningewahi, kazi ingekuwa ndogo. Figo moja, iliyoharibiwa na mkojo uliokwama, haikupona.

Siku walipotoa mpira nilikojoa mbele ya nesi, nikalia kwa furaha. Aibu niliyoilinda mwaka mzima sikuiona ilikokwenda.

Basi mwanangu, ukiumia sehemu hizo usingoje damu ikauke. Mwambie mkeo, kisha umvulie daktari nguo siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, nikaponea chupuchupu. Wewe ulizaliwa mwaka wa pili baada ya upasuaji ule. Mungu akujalie mwili mzima, na siku utakapoumia, akupe ulimi wa kusema.