Mzee wa Kiti cha Mbele

Sogeeni mnisikie vizuri, na nyie wepesi wa kucheka mjizuie kidogo, maana aibu hii ni yangu mwenyewe na nimeibeba tangu enzi za mkoloni, nilipokuwa bibi harusi wa miezi minne pale Mbeya mjini.

Kwanza niwaeleze ili msipotee. Kwetu Wanyakyusa, mke hamsogelei baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia majanini, unajifunika kanga mpaka apite, humsemeshi, na jina lake hulitamki (hata leo silitamki, mtanisamehe). Ukimgusa, unarudishwa kwenu mpaka wazee wakae walimalize. Na mimi nilimpenda mume wangu Ambakisye, sikutaka kurudishwa popote.

Sasa Jumamosi moja baba mkwe alikuwa amefikia kwetu kutoka Tukuyu, basi mimi nikashinda nimejificha jikoni na moshi wangu. Mchana nikamsikia akiwaaga majirani, anakwenda kusali na wenzake (alikuwa mzee wa kanisa, na sinema aliiita kazi ya shetani). Ambakisye yuko kazini, zamu yake. Rafiki yangu Tusajigwe akachungulia jikoni: "Dada, leo kuna picha ya kutisha, watu wanazimia! Utakufa na moshi humo?" Nikasema nitakwenda robo saa tu. Robo saa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tuliingia picha imeshaanza, makusudi, tusionekane. Giza tupu. Tukapapasa viti, tukakaa nyuma ya mtu mwenye kofia kubwa. Picha ilikuwa ya Kizungu, neno hatuelewi, lakini mambo yalionekana: msichana mgonjwa, nyumba kubwa, na daktari mpole anayekuja kila siku kumchoma sindano, mwema mpaka ukumbi mzima tukampenda. Mwishoni msichana anajikokota, anafungua kabati, na humo ndani, jamani, yumo daktari! Uso ule ule, miwani ile ile, kafa zamani, kakauka. Halafu mlango unafunguka, anaingia daktari na sindano yake. Sasa huyu ni nani?

Sikungoja kujua. Nilipiga ukelele, nikaruka, nikamkumbatia shingoni yule mwenye kofia, naye kwa hofu yake akaikamata mikono yangu na kuanza kusali kwa sauti, Kinyakyusa, na sauti ile nikaijua (ndiyo iliyoombea chai asubuhi). Navuta mikono, haachii! Taa zikawaka.

"Mama, mwache mzee apumue!" akapaza sauti mwenye duka mmoja aliyekaa nyuma yetu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikajitupa chini ya viti, kanga kichwani. Baba mkwe akageukia ukuta, akamwambia Tusajigwe, "Mwambie huyo mama kwamba mimi sikumwona."

Nami kutoka chini, "Mwambie mzee, hata mimi sikumwona."

"Basi mwambie anipe kofia yangu, kailalia."

Tungeweza kuificha aibu hiyo, ila nusu ya ukumbi walikuwa mafundi wenzake Ambakisye, wasio na zamu siku hiyo. Jumatatu akarudi kutoka kazini anauma midomo. "Nasikia baba siku hizi anabeba mtoto mgongoni," akasema, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanifungia mizigo, kwani mila ni mila. Nikarudishwa kwetu Kyela, nikalia njia nzima.

Huko kila shangazi alitaka kujua ilikuwaje, nami ni mtu wa kueleza, nikaeleza taratibu, na mikono nikaonyesha, nani alimkumbatia nani, na nani alikataa kumwachia nani. Habari zikapanda mpaka Tukuyu, zikaingia kanisani. Haikupita wiki, baba mkwe mwenyewe akawaharakisha wazee walimalize upesi, binti arudi kwa mumewe, anyamaze.

Nikarudi, nikanyamaza mpaka leo. Nawe ukienda sinema, ingia taa zikiwa bado zinawaka, tazama mbele, nyuma na pembeni, ndipo ukae.