Siku Niliyomzuia Mama Kukaa Eda

Samaki mkavu akipita karibu na pua yangu, nakumbuka kamusi. Msicheke. Baba aliileta kutoka kambini imefungwa pamoja na samaki, na tangu hapo kila neno la Kiswahili nyumbani kwetu Arua lilinuka ziwa.

Baba alikuwa dereva wa jeshi. Nilipokuwa na miaka kumi aliondoka na lori, hakurudi. Miezi mingi ikapita, kisha mdogo wake, askari pia, akaja kutoka Koboko na wazee wawili kumwambia mama akae eda: abaki ndani miezi minne na siku kumi, kama mke wa Kiislamu aliyefiwa.

"Shemeji, lori niliona na macho yangu. Imeungua yote," baba mdogo akamwambia.

Mimi, mdomo ukiniwasha kama kawaida, nikaleta kamusi. Nikasoma kwa sauti ya imamu: "Mjane: mwanamke aliyefiwa na mume." Nikamgeukia. "Baba mdogo, hapa hawajaandika aliyefiwa na lori."

Wazee walicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Huyu mtoto iko na kichwa ya jaji!"

Baba mdogo hakucheka. "Kitabu hii ilikuwa huko? Mimi nilikuwa huko."

Mama akaniambia nisome "mume".

"Mwanamume mwenye mke," nikasoma.

Akainuka kuongeza kahawa. "Basi. Mke ni mimi, na mimi iko. Yeye pia iko."

Wageni walimaliza vikombe, wakarudi Koboko kabla ya alasiri. Nami nilijiona nimemwokoa baba kwa kurasa mbili.

Sasa niko sekondari, bado nachekesha darasa. Mama bado anapakua chakula cha baba, anakifunika, asubuhi anawapa kuku. Mwaka huu baba mdogo alifariki. Ni yeye peke yake aliyekuwa amefika pale lori lilipoungua, na sikuwahi kumwuliza aliona nini kingine, kwa sababu siku ile sikumwacha amalize.

Kamusi ilijua mjane ni nani. Baba alikuwa wapi, haikujua, nani angeiambia? Mama alikuwa na siku moja tu ya kulia katikati ya watu wa baba, na mimi niliwachekesha watu hao wakaenda nyumbani.