Siku Niliyomtuza Mwimba Bluzi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kuudhi.

Rahma mjukuu wangu, ipo siku moja hunijia kila nikuonapo na gitaa. Jana ulisema hupandi tena jukwaani Jumamosi, kwa sababu mwenzako chuoni kakwambia bluzi si yako, wewe mtoto wa Kizanzibari wa Walthamstow. Sijui kama nitakushauri vizuri, mimi niliishia darasa la saba. Nakuhadithia tu.

Bibi yako nilikuwa mgeni hapa London, Kiingereza changu cha kuombea chai. Pearl, Mjamaika niliyekuwa nikifanya naye usafi hospitali, akanipeleka ukumbini kumsikiliza mzee mmoja mwimba bluzi kutoka Mississippi, Marekani. Anaimba mstari, anaurudia, kisha gitaa linamjibu. Maneno sikuyapata, lakini kile kilio nilikijua. Basi nikanyanyuka, noti mkononi, nikaenda kumtuza kwa madaha kama tufanyavyo kwenye taarabu. Ukumbi mzima ukacheka. Siwalaumu. Angesimama mgeni harusini kwetu na vituko vyake, huenda ningekuwa wa kwanza kucheka.

Nikakwama pale katikati, macho chini. Mzee akainama, akaipokea noti kwa mikono miwili, akaendelea kuimba. Alipomaliza nikamfuata kumwomba radhi.

"Unaniomba radhi kwa kuwa umenisikia?" akaniuliza. "Hebu kaa, nikwambie ulichokisikia."

Akanieleza polepole, Pearl akinisaidia. Muziki ule ulianzia kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba, kwa wajukuu wa watumwa. Wakapanda nao treni kwenda viwanda vya kaskazini, huko magitaa yakatiwa umeme ili yasikike kwenye makelele. Kila mji ukaupa lafudhi yake, mpaka santuri zikauleta huku. Huenda nimechanganya pahala.

Mwanangu, mwenzako hakukosea kitu kimoja: muziki huo una wenyewe, na waliulipia kwa jasho na machozi. Kwa hiyo ukipanda, wataje kwanza, washukuru, usijifanye umezaliwa Mississippi. Kisha imba kwa sauti yako ya hapa Walthamstow. Nami nitakuja kukutuza, wacheke watakao. Mungu akufungulie vidole, akujaalie watu wa kukupokea kama yule mzee alivyonipokea mimi.

Usiku tumekula wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Ulikula huku gitaa liko mapajani, nami nikajifanya sikuliona.