Mama amenihamishia okidi

Unamwambiaje mama yako ameharibu kitu, na amefanya hivyo kwa mapenzi?

Jumapili niliona maua madogo meupe chini ya miti, pale kamsitu kanapoanza juu ya shamba letu. Nikamwonyesha mama, nikamwambia nayapenda sana. Nikatuma picha kwa mtaalamu wa mimea.

Leo asubuhi akajibu. Ni okidi ya porini, huenda ni ya nadra. Anataka picha za majani, udongo na miti iliyo karibu.

"Usiziguse. Zinategemea kuvu ya kwenye majani yaliyooza. Ukizing'oa, zinakufa."

Nikatoka Kaaga, ninakoishi, mbio hadi kwa mama.

Mama alinipokea na mikono ya udongo. "Kuja uone."

Amezing'oa zote. Ziko nyuma ya jikoni, kwa laini, nafasi sawasawa kama sukuma wiki. Samadi juu. Maji ameweka mara mbili.

"Si ulisema unazipenda? Kule juu nani angezipalilia?"

Nikapanda kule juu. Hata majani makavu ameyafagia, ameyapeleka zizini ng'ombe alalie.

Mama ni mtu ambaye sijawahi kuona kitu alichopanda kikikataa kuota.

Mtaalamu ameandika tena: "Umefika? Nionyeshe mahali zinapoota."

Mama naye amebadilisha kitambaa, amefunga kile cha kanisa. Amesimama kando ya laini yake, anangoja picha.

Nimempiga picha. Ametoka vizuri sana.

Bado sijaituma. Niambieni nimwandikie nini huyu mtaalamu.